Sisimizi wa nchi za joto hupona vipi kwenye theluji

Ndugu walioko ughaibuni huuliza swali hili mara kwa mara. Nyumba iko Stockholm au Toronto, nje theluji imefika magotini, na ndani ya kabati la sukari kuna msururu wa sisimizi wadogo wa rangi ya asali ambao mtu angeapa aliwaacha Nairobi. Wengi hujijibu kwamba wadudu hao wameshazoea baridi. Hawajazoea hata kidogo. Sisimizi wa ukanda wa joto akifika kaskazini mwili wake unabaki ule ule. Anachofanya ni kutafuta joto ambalo mwingine amelilipia, kisha anahamia humo. Ukilishika hilo, utajua ni kwa nini aina fulani hufaulu na nyingine hufa mapema, utajua pa kuwatafuta, na utaelewa ni kwa nini dawa ya kupuliza mara nyingi huwaongeza.

Tuanze na jinsi baridi inavyoua, maana hapo ndipo watu hukosea. Mdudu wa milimita 2 hana namna ya kujitunzia joto. Akikanyaga bati la nyuzi 10, naye ni nyuzi 10. Watu hudhani anakufa maji ya mwilini yanapoganda, lakini maji machache kama hayo huchelewa sana kushika barafu. Yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri na bado yakawa maji. Sisimizi wa nchi za joto hufa kabla ya kufika huko. Seli zake zina pampu zinazotoa sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani. Baridi huzipunguzia kasi, potasiamu huvuja kwenye damu, misuli na neva hupoteza chaji, na mdudu huanguka miguu imekunjwa. Mrudishe kwenye joto baada ya saa moja, atazinduka, asafishe vipapasio vyake na kuendelea na safari. Mwache hivyo siku kadhaa na tishu zitaharibika kabisa, hata kama kipimajoto hakikugusa sifuri. Kwa sababu hiyo muda wa baridi una uzito kuliko ukali wake. Kwa kundi lililo udongoni, usiku mmoja mkali unaofuatwa na jua si hatari kama wiki mbili za nyuzi 3 mfululizo.

Kifo cha pili ni cha hesabu. Sisimizi mweusi wa bustani za Ulaya, Lasius niger, hufunga duka msimu wa baridi ukikaribia: malkia anaacha kutaga, mabuu yanaacha kukua, vibarua (sisimizi wafanyakazi) wanajaza mafuta mwilini na kushuka chini hadi majira ya kuchipua. Vibarua hao huishi muda mrefu kiasi cha kuvuka baridi bila kuzaliwa hata mtoto mmoja. Sasa mlinganishe na sisimizi wa Farao, Monomorium pharaonis, ambaye ndiye huyo mdogo wa rangi ya asali. Kibarua wake huishi takriban wiki tisa au kumi. Baridi ya kaskazini ni miezi mitano, pengine sita. Kizazi kizima cha vibarua hufa na kuisha mara mbili kabla theluji haijayeyuka, kwa hiyo lazima kundi liendelee kuzaa katikati ya Januari, la sivyo limekwisha. Kwenye nyuzi 27 yai huchukua kama siku 38 kuwa kibarua kamili. Chini ya nyuzi 18 hivi uzazi husimama.

Basi kinachohitajika ni mahali penye nyuzi 27 hadi 30, penye unyevu kidogo, karibu na chakula, miezi sita bila kukatika. Hapa kuna kichekesho. Nyumba ya mawe ya Nairobi isiyo na hita, asubuhi ya Julai nje kukiwa na nyuzi 11 au 12, haina mahali kama hapo isipokuwa nyuma ya friji. Jengo la ghorofa la Stockholm limejaa mahali kama hapo, kuanzia chumba cha boila hadi dari ya juu kabisa, kwa sababu mabomba ya maji moto yanapita ndani ya kuta usiku na mchana. Kwa sisimizi wa Farao, majira ya baridi ya Uswidi ni ya joto kuliko majira ya baridi ya Kileleshwa jijini Nairobi.

Mwanasayansi Linnaeus alimpa jina mwaka 1758 akitumia vielelezo kutoka Misri. London alirekodiwa mwaka 1828, na kadiri mabomba ya mvuke na maji moto yalivyoingia kwenye hoteli, hospitali na viwanda vya mikate, naye aliingia. Hospitali ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa zina joto mwaka mzima, chakula kila wodi, na shuka zilizokunjwa ambazo kati ya mikunjo yake kundi zima linaweza kukaa. Huko hutembea kwenye bandeji na vidonda na kubeba bakteria kutoka kitanda hadi kitanda.

Tabia zake tatu ndizo zinazomfanya aweze maisha ya ndani ya ukuta. Kwanza hapandani angani. Dume na malkia hukutana ndani ya kiota, kwa hiyo hawahitaji siku ya joto na mvua nje ili kuanzisha ukoo mpya. Pili kundi moja lina malkia wengi, hivyo kumuua mmoja si habari. Tatu kundi huzaana kwa kugawanyika: vibarua hubeba mayai na mabuu, wakafuatana na malkia mmoja au wawili, wakahamia tundu la soketi ya jirani. Hata wakitoka bila malkia, mradi wana mabuu wachanga, wanaweza kulea malkia mpya humo.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoharibu kazi ya watu. Mwenye nyumba anaona msururu, anachukua kopo la dawa, anapuliza. Dawa nyingi za makopo zina viuadudu vya jamii ya pareto, au vilivyoundwa kwa kuiga pareto ile ile inayolimwa kwetu Nakuru na Nyandarua. Huua haraka na huwafukuza waliobaki. Vibarua waliokuwa njiani wanakufa, nao ni sehemu ndogo tu ya kundi. Waliobaki wanahisi hatari, wanabeba watoto, wanagawanyika makundi matatu au manne. Wiki ya kwanza jikoni ni kweupe na mtu anasifu dawa. Wiki ya sita wako jikoni, bafuni na chumba cha watoto. Kwa maoni yangu, kopo la kupuliza halina nafasi yoyote kwa sisimizi wa Farao, hata lile la bei ghali.

Kinachofanya kazi ni chambo, na baridi kali nje ndiyo msimu bora wa kukitega. Wakati wa kiangazi wadudu hawa hutawanyika jengo zima. Kwenye baridi wamebanwa kando ya vyanzo vya joto, kwa hiyo ramani ya joto la nyumba ndiyo ramani ya viota. Kile kipimajoto cha miale kilichotumika milangoni enzi za korona kinafaa sana, mradi ukibadilishe kutoka kupima mwili hadi kupima vitu. Pitisha kwenye kuta, nyuma ya friji, chini ya mashine ya kufulia, kando ya mabomba ya hita, kwenye ruta na dekoda. Andika kila mahali panapozidi nyuzi 24. Jioni kata vipande vya karatasi ngumu, weka juu ya kila kimoja tone la siagi ya njugu lenye ukubwa wa punje ya mchele na tone la asali kando yake, uvisambaze kila mita mbili kupitia sehemu ulizoandika. Baada ya saa mbili pita na tochi. Usifagie wala usipanguse njia zao. Fuata msururu unaorudi, ule wa waliovimba tumbo. Utaishia kwenye ufa wa milimita moja kando ya bomba au soketi. Kiota chenyewe si lazima ukione. Inatosha kujua wanatokea wapi na wanapenda tamu au mafuta wiki hiyo, maana hubadilika: kundi lenye mabuu wengi hutaka protini na mafuta zaidi.

Chambo cha sukari kinatengenezwa hivi: mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, gramu 25 za sukari, gramu 2.5 za asidi ya boriki. Koroga hadi maji yawe maangavu bila chenga. Hiyo ni kama asilimia 1 ya sumu, na kiwango hicho kina sababu. Kijiko kikubwa kinachomwagwa kwa makisio hufikisha asilimia 5 au zaidi, na hapo vibarua ama wanakataa kunywa ama wanakufa kabla hawajafika nyumbani. Unataka kibarua anywe, arudi mzima, awatapishie wenzake mdomo kwa mdomo, hao wamlishe malkia na mabuu, kisha wote wadhoofike polepole. Tumia mizani ya jikoni inayosoma sehemu za gramu. Vinginevyo tengeneza lita moja kwa gramu 100 za sukari na gramu 10 za asidi, ambazo mizani ya kawaida inaweza. Lowesha pamba, iweke kwenye kifuniko cha chupa, tega karibu na njia yao lakini si juu yake, ubadilishe kila baada ya siku mbili au tatu kabla haijakauka au kuchacha. Kwa upande wa mafuta, changanya siagi ya njugu gramu 50 na asidi nusu gramu, ukande vizuri hadi hakuna chembe nyeupe. Weka aina zote mbili, wao wachague. Weka mbali na watoto na wanyama, andika SUMU kwenye chupa, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Siku za kwanza watakuja wengi kuliko ulivyowahi kuona. Ndiyo dalili nzuri. Wengi hushindwa papo hapo, wanaogopa, wanapuliza dawa juu ya chambo, na kazi yote inaharibika. Msururu hupungua kuanzia wiki ya pili au ya tatu, lakini zile siku 38 bado zinahesabika: pupa, yaani mabuu yaliyo kwenye hatua ya mwisho ya kugeuka sisimizi, hawali, kwa hiyo hawapati sumu, na wataendelea kutoka. Acha chambo hadi upite mwezi mzima bila kumwona hata mmoja. Na kwenye ghorofa ni lazima waliopo juu, chini na pande zote wategwe kwa wakati mmoja, kwani bomba ni moja. Mpangaji mmoja mwenye bidii kwenye jengo la wapangaji ishirini hupoteza siagi yake bure.

Wako wengine wanaoishi kwa mtindo huo huo. Sisimizi mzimu, Tapinoma melanocephalum, mwenye kichwa cheusi na tumbo la rangi ya maziwa, huonekana sana kwenye mabanda ya vioo yanayopashwa joto kaskazini. Paratrechina longicornis, yule mweusi mwenye miguu na vipapasio virefu anayekimbia huku na huku kana kwamba amepotea, amepatikana ndani ya majengo hadi Uswidi na Estonia. Hao wote ukiwatoa nje Januari hawafiki asubuhi.

Walioweza kuishi nje wana mbinu nyingine, na joto wanalotumia ni la udongo na jua. Sisimizi wa Argentina, Linepithema humile, majira ya joto husambaza viota vidogo vidogo kila mahali. Baridi ikikaribia viota hivyo huungana na kuwa vichache vikubwa, upande wa kusini wa shina la mti au ukuta, yaani upande unaopigwa na jua kaskazini mwa ikweta. Louisiana, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20 watu waligeuza tabia hiyo kuwa mtego: waliacha masanduku ya takataka za mimea zilizoanza kuoza, uozo ukatoa joto, sisimizi wa eneo zima wakahamia humo wenyewe, kisha sanduku likapuliziwa gesi ya sumu. Sijaona mtego mwingine wa wadudu wenye akili kama huo. Jambo jingine la ajabu kwao ni kwamba majira ya kuchipua vibarua huwaua takriban malkia tisa kati ya kumi waliovuka baridi, wakati ule ule chakula kinapoanza kupatikana. Kwa hiyo idadi ya malkia unaoikuta Machi haikuambii lolote kuhusu Juni.

Sisimizi moto, Solenopsis invicta, aliyeingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930, hujenga kichuguu kinachofanya kazi ya hita. Udongo uliotifuliwa ukiinuliwa juu hupata jua kutoka pembeni hata jua likiwa chini, na hupata joto kuliko ardhi tambarare iliyo kando yake. Vibarua hubeba mabuu na kuyapandisha juu mchana, wakayateremsha usiku, kwani ukishuka nusu mita tofauti ya usiku na mchana karibu inatoweka. Hutoka kutafuta chakula udongo wa juu ukiwa kati ya nyuzi 15 na 43. Mawingu ya siku nyingi ndiyo adui yake mkubwa, kwa sababu kichuguu bila jua ni rundo la udongo tu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba viota vyake 88 vimepatikana karibu na Siracusa, Sicily, mahali ambapo baridi haitamsumbua.

Mtu atauliza: je, hakuna hata mmoja aliyebadilika mwili? Yuko sisimizi moto mdogo, Wasmannia auropunctata, wa misitu ya joto ya Amerika, ambaye sasa anaishi Israeli kwenye baridi ambayo ndugu zake wa msituni hawaiwezi. Ilionekana kana kwamba amejifunza baridi huko ugenini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifuata nasaba na vipimo vya baridi na kukuta kwamba uvumilivu huo ulikuwepo tayari kwenye mpaka wa kusini wa makazi yake ya asili, kule Argentina, kabla hajasafiri. Kwa wakaguzi wa bandarini hilo ni jambo la kazi: haitoshi kujua ni aina gani, unahitaji kujua ametoka sehemu gani ya makazi yake. Naye Tapinoma magnum, anayeisumbua miji kama Kehl nchini Ujerumani na kuingia hadi kwenye masanduku ya umeme, si wa nchi za joto bali wa Mediterania, na baridi kidogo aliijua tangu kwao.

Hapa kwetu suala hili lilipata umaarufu mwaka 2025, mahakama ya Nairobi ilipowatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka, kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi, wengi wao malkia wa Messor cephalotes, kwenye vichupa vyenye pamba iliyoloweshwa, tayari kwa wafugaji wa sisimizi wa ng'ambo. Watu walibishana kama wadudu hao wangevamia Ulaya. Kwa baridi ya Ulaya nje, sioni. Ni wakubwa, huhitaji udongo wa kuchimba na mbegu za nyasi kwa wingi, na malkia mpya hupatikana kwa kuruka na kupandana angani. Hawana hata moja ya zile tabia tatu. Hasara ilikuwa upande wetu: kila malkia aliyechukuliwa ni kundi ambalo lingekuwa likisambaza mbegu kwenye mbuga kwa miaka mingi.

Anayestahili kuogopwa hapa ni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala. Laikipia iko juu karibu sawa na Nairobi, usiku wake ni wa baridi, na bado ameenea huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, akifuata majengo ya watu kisha akatoka kwenda porini kwa kasi ya makumi ya mita kwa mwaka. Huwaua sisimizi wanaoishi kwenye miba ya migunga na kuilinda. Ndovu wakiona hakuna wa kuwauma puani, huivunja miti hiyo. Uwanda ukifunguka simba hukosa pa kujificha. Kule kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, pundamilia walishuka kutoka asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020, na simba wakageukia nyati. Baridi ya nyanda zetu za juu haiui sisimizi wa aina hii. Inampunguzia mwendo tu.

Husafiri hasa ndani ya udongo wa miche. Kwa hiyo ukinunua miche ya chungu au mfuko kwenye vitalu vya kando ya barabara jijini na unaipeleka Nanyuki, Nyahururu au shambani popote, ikague kabla ya gari kuondoka. Gonga chungu mara tatu au nne kwa kiganja na uangalie matundu ya chini kwa dakika moja. Kundi lililo hai hutoka kuulizia. Vibarua wa Pheidole ni wa saizi mbili, wadogo wengi na wachache wenye vichwa vikubwa mno kwa miili yao. Ukiwaona, zamisha chungu kizima kwenye ndoo, maji yapite udongo kwa sentimita tatu, na matone machache ya sabuni ya vyombo ili wasielee juu. Kiache nusu saa. Mapovu yakiendelea kupanda bado kuna mifuko ya hewa ndani, na kundi limejibana humo na mabuu yake. Tikisa chungu taratibu hadi yakome, ndipo uanze kuhesabu nusu saa upya. Vyungu vya udongo vyenye kuta mbili havifai kwa njia hii. Kwa vyungu hivyo, ng'oa mche, osha mizizi, upande kwenye udongo mwingine. Udongo wa zamani ufungie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uuanike juani siku kadhaa, usiumwage kando ya ua.

Kwa wale wanaosafiri na vikapu, vinyago na vibuyu kwenda kwenye baridi, friza ya nyumbani inatosha. Funga kitu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kiweke kwenye nyuzi hasi 18 kwa siku tatu, au wiki nzima kama ni kinyago kinene, maana mti hupitisha baridi polepole na kati yake hubaki na joto muda mrefu. Ukikitoa usifungue mfuko hadi kirudie joto la chumba, vinginevyo mvuke utatua juu ya mti na kuipasua rangi yake.